Bwana Mstari na Dakika Nne za Kimya

Nimeombwa mara tatu, na mara zote tatu nimesema sitaki. Binti anayeongoza kile chumba cha mashine hospitalini siku hizi alikuja na daftari lenye maua kwenye jalada, akakaa kwenye kiti changu kizuri bila kukaribishwa, akasema wanakusanya maisha ya wafanyakazi wa zamani, watu wa kawaida tu, wasije wakasahaulika. Nikamwuliza ni nani aliyewasahau kama si ninyi. Akacheka. Nikamwambia huyo mnayemtafuta yuko hai, yuko chumba cha uani, amekaa mbele ya redio aliyoifungua mwenyewe mwaka juzi na tangu siku hiyo haijaimba. Nenda ukamwulize. Akaenda. Baada ya nusu saa akarudi na mstari mmoja kwenye daftari lake: tarehe aliyoanza kazi, na saa aliyoingia mlangoni.

"Bibi, hasemi," akaniambia.

Hasemi. Zaidi ya miaka hamsini naambiwa hasemi, kana kwamba ni habari mpya. Basi naandika mimi, ambaye kusoma nilijifunza nikiwa na watoto watatu, na herufi zangu zimekaa kama kuni zilizorundikwa. Atakayetaka kuzinyoosha anyooshe kwanza za kwake.

Mtu mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa marehemu mdogo wangu. Hospitali nzima ilimwita Bwana Mstari, kwa kuwa miaka thelathini na moja alisimama mbele ya mashine ya kuchora mistari, na yeye mwenyewe alikuwa hivyohivyo: mwembamba, mnyoofu, na hana cha kukuambia.

Kabla ya hapo alikuwa fundi saa kwenye kibanda cha mbao nyuma ya posta. Alipoanza kumtaka mdogo wangu, alikuja nyumbani kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Anakaa, anakunywa chai, anaangalia ukuta. Domo zege wa kupigiwa mfano. Jumamosi moja akafungua kinywa, tukafikiri leo ndiyo leo. Akamwambia mama kwamba saa ya ukutani inachelewa dakika nne. Akaishusha, akaitandaza mezani juu ya kitambaa, akaitengeneza mpaka jua likazama. Mama akaona huyu ni mtu wa maana. Mimi niliona ni mtu aliyekuja kuiposa saa. Lakini mdogo wangu alimpenda, na kwetu mimi sikuwa wa kusikilizwa.

Kuingia hospitalini kwake hakukuwa kwa kisomo. Mashine ilifika ndani ya sanduku la mbao, madaktari wakaiwasha, wino ukaruka mpaka kwenye makoti yao. Kalamu nane, zote zimekwama. Wakamtafuta fundi saa azikwamue. Akazikwamua kwa siku moja, halafu ikaonekana hakuna mwingine anayejua kuzirudisha zikikwama tena, akaambiwa abaki. Alibaki kama kiti kinavyobaki. Wakampeleka mafunzo miezi sita, akarudi na cheti, na kuzungumza hakuzungumza zaidi ya alivyoondoka.

Kazi yangu niliipata kwake, sikatai, ingawa hakuniombea kwa mtu yeyote. Alisema tu mezani kwamba wanahitaji mwosha vichwa, akaendelea kula. Mashine ile husikiliza ubongo kupitia visahani vidogo vya chuma vyenye waya, vinavyobandikwa kichwani kwa gundi. Kichwa chenye mafuta hakishiki gundi, kwa hiyo lazima kioshwe kwanza. Baadaye gundi hutolewa kwa maji ya vuguvugu na subira. Ukivuta, nywele zinakuja na ngozi. Wauguzi walikuwa wakivuta. Mimi sikuwahi kuondoka na unywele wa mtu, na wagonjwa wenyewe walikuwa wakisema heri yule bibi mkali, mkono wake mwepesi. Waliniita Bibi Sabuni nikiwa bado sina mjukuu hata mmoja.

Sasa, jamaa alikuwa na tabia moja iliyonichosha roho. Kalamu zile ni za kitoto, zinashtuka kwa lolote. Muuguzi akigusa kitanda, zinaruka. Feni ikiyumba, zinaruka. Huwezi kujua huu ni ubongo au ni mtu amepita. Kwa hiyo Bwana Mstari alikuwa na penseli, na kila kilichotikisika chumbani alikiandika pembeni mwa karatasi, na saa yake. "Feni." "Mgonjwa amekohoa." "Inzi kwenye paji la uso." Siku moja nilipiga chafya nikakuta ameniandika. Daktari wetu mmoja alikuwa na viatu vilivyolia kama mlango wa ghala, na kila alipoingia penseli iliandika "Viatu." Wauguzi wakasoma, wakacheka, na jina likamganda: Daktari Viatu. Hakuna aliyemwita hivyo mbele yake, lakini wagonjwa waliokaa siku mbili walikuwa wanajua.

Tabia hiyo aliileta mpaka nyumbani. Mdogo wangu alipokuwa anakata roho, nyumba imejaa watu, mimi nimemshika miguu, mama anamwita jina. Shemeji amekaa kwenye kiti upande wa kichwa, macho makavu, saa mkononi. Yalipoisha, alinyanyuka akaenda kwenye kalenda ya ukutani akaandika kwa penseli: "Saa tisa na dakika nane. Kimya." Halafu akarudi kukaa. Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu hana damu, ana wino. Tangu hapo nilimsalimia kwa sababu ya kazi tu.

Nimeeleza hayo ili ujue kwamba haya yanayofuata siyaandiki kwa mapenzi.

Karatasi za mashine zilitoka mbali na zilichelewa. Daktari Viatu, alipopewa ukubwa wa idara, akavimba kichwa wiki ileile na kubandika tangazo ukutani: kalamu zikilala bila kusogea kwa dakika mbili, mashine izimwe, karatasi tupu haina kinachosomwa. Ufunguo wa kabati la karatasi akauweka mfukoni mwake. Bwana Mstari hakuguna. Alilipenda tangazo lile. Kila asubuhi alilifuta vumbi.

Ndipo akaletwa fundi cherehani. Msichana wa miaka ishirini na sita, mshona sare za shule, mama yake nyuma ameshika mfuko wenye khanga na kitana. Alikuwa na degedege isiyokatika, siku mbili mfululizo, mwili mzima. Walipojaribu dawa zote zikashindwa, wakamlaza kwa dawa ya usingizi mzito, ya jamii ya barbiturati, ile inayouzima ubongo mpaka usahau ugomvi wake. Mtu akipewa hiyo hapumui mwenyewe, mashine inampumulia. Hakohoi, hapepesi, ukimmulika tochi machoni hana habari.

Nilikwisha kuosha vichwa vingi vya dawa hiyo, na mdogo wangu enzi za uhai wake alinieleza alichoelezwa na mumewe siku mumewe alipopata maneno. Ubongo ulionyweshwa dawa ile hauandiki kama wa mtu aliyelala. Unaruka, kalamu zote zinacheza kwa sekunde mbili tatu, halafu mstari unanyooka, kimya. Baada ya sekunde tano, kumi, ishirini, unaruka tena. Kama mzee anayesinzia kikaoni: anashtuka, anatoa neno, analala. Madaktari wanautaka mchoro huo, ndio wanaopimia dozi.

Siku tisa alipewa. Degedege ikakatika. Ijumaa dawa ikasimamishwa, wakangoja aamke. Jumamosi kimya, Jumapili kimya. Jumatatu mashine ikawashwa: kalamu zimelala, dakika mbili, ikazimwa. Jumanne hivyohivyo. Jumatano asubuhi hivyohivyo. Karatasi tatu, zote nyoofu. Daktari Viatu akasema dawa imetoka zamani, siku tano zinatosha, huu si usingizi tena, ubongo umekufa. Damu ya kupima dawa iliyobaki mwilini ilikuwa imepelekwa mji mwingine na majibu yake huchukua majuma mawili, na yeye hakuwa mtu wa kungoja majuma mawili wakati kitanda kinatakiwa.

Akamwita yule mama kwenye ujia. Nilikuwa nimesimama na ndoo yangu, nikasikia yote. Alimwambia saa nane mchana mashine ya kupumulia itazimwa, na kabla ya hapo ndugu wataingia kuaga. Mama hakulia mbele yake. Aliuliza jambo moja tu: nywele za binti yake zisikatwe. Daktari akasema hilo halina shida, tuna mtu wa vichwa. Kisha akanigeukia.

"Mama, toa waya, osha kichwa. Ndugu zake wanamtaka safi."

Nikaingia. Siku zote nilianza kwa kuzibeba karatasi kuzipeleka stoo, na stoo ile niliijua kwa mikono. Karatasi ya mgonjwa mmoja hukunjwa ikawa nene kama mkate, unaibeba kwa kukumbatia. Nikashika zile tatu za fundi cherehani kwa vidole viwili. Zilikuwa nyepesi kama bahasha. Nikasimama nazo. Nikampelekea shemeji yangu, aliyekuwa anasafisha kalamu kwa pamba.

"Shemeji, hizi ni karatasi za mtu au ni risiti?"

"Dakika mbili kila moja," akajibu bila kunitazama. "Tangazo."

Nikamwuliza habari za yule fundi wa kupaka rangi. Huyo alikuwa mgonjwa wa zamani, kabla ya tangazo, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi, naye alilazwa kwa dawa ileile. Mdogo wangu alinisimulia kwamba kalamu zake zilikaa kimya mpaka shemeji akataka kuinuka, halafu zikaruka. Nikamwuliza, alikaa kimya kwa muda gani yule?

Hakufikiri hata kidogo. "Dakika moja na sekunde hamsini na moja."

"Na angechelewa sekunde kumi nyingine?"

Pamba ikasimama mkononi. Aliitazama mashine, akatazama tangazo, akaitazama mashine tena. Mtu mwenye cheti, miaka ishirini na tisa kazini, na swali hilo halikuwahi kumpitia kichwani.

"Ningezima," akasema.

Nikatoka nikamwambia Daktari Viatu kwamba sitaosha. Nilimwambia mashine iwashwe na iachwe. Nilisema taratibu, ninaweza kusema taratibu nikitaka. Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa na ndoo.

"Mama," akasema, "kazi yako ni sabuni."

Sitajitia wema nisio nao. Binti wa daftari lenye maua angependa niandike kwamba nilimwonea huruma yule msichana. Sikuwa nimemjua hata sauti. Ni lile neno sabuni lililonipigilia misumari pale sakafuni. Nikamwambia, sawa, na sabuni haiingii leo. Alijua maana yake: bila mimi ingebidi nywele zikatwe, na alikwisha kumpa mama neno lake. Akageuka, viatu vikalia ujia mzima, akaenda kumwita msimamizi wa watumishi aje aniondoe.

Ofisi ya msimamizi ilikuwa jengo la pili. Nikarudi ndani nikafunga mlango. Chumbani tulikuwa watu wazima watatu na mgonjwa: mimi, shemeji, na sista mmoja mnene mpole ambaye hakuwahi kumkatalia mtu yeyote chochote, ndiyo maana alikuwa bado sista wa zamu.

"Washa," nikamwambia shemeji.

Akasema karatasi hakuna, ufunguo anao daktari. Nikamwambia stoo imejaa karatasi, na kila karatasi ina mgongo. Hilo nalo halikuwahi kumpitia. Akasema haziruhusiwi kutumika, ni mali ya faili. Akasema amebakiza miaka miwili astaafu, akikamatwa atamwaga unga. Alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema kwenye posa yake, na yote yalikuwa ya uoga.

"Basi andika kwamba nimekulazimisha," nikamwambia. "Wewe si unaandika kila kitu?"

Nilisema kwa kumkejeli. Nikaenda stoo nikarudi na mzigo wa kwanza uliokuja mkononi, nikautupa mezani. Akaukunja kinyume, akauingiza kwenye mashine, akanyoosha pembe. Halafu akachukua penseli yake, na mbele ya macho yangu akaandika: "Saa nne na dakika tano. Shemeji amenilazimisha." Ndivyo alivyo. Mpaka leo ndivyo alivyo.

Akawasha. Karatasi ikaanza kutembea, kalamu nane zikavuta mistari minane. Sista alisimama dirishani. Mimi nilisimama mlangoni, mikono kifuani, mgongo kwenye komeo. Shemeji kwenye kiti chake, saa mbele yake. Mashine ya kupumulia ilikuwa inavuta na kushusha, na kila iliposhusha alitia nukta pembeni, asije akaulizwa.

Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita, na niliona mkono wake unaenda kwenye swichi wenyewe, kwa mazoea, kama mkono wa mlevi unavyoenda kwenye chupa. Nikakohoa. Akaurudisha, akaandika kwamba nimekohoa. Dakika ya tatu. Mistari ilikuwa nyoofu kama reli. Nilimwangalia msichana: midomo imepauka, waya kichwani kama mizizi, kidole cha shahada kina alama za sindano za cherehani. Nilianza kujiona mjinga, na ujinga kwangu ni kitu kigeni, sikujua niuweke wapi. Dakika ya nne. Sista akanitazama kwa macho ya pole. Nikamkazia macho mpaka akageukia dirisha.

Halafu kalamu zikaruka. Zote nane kwa pamoja, juu chini, juu chini, zikirusha wino, kama kuku waliotupiwa jiwe. Sekunde tatu hivi. Zikalala.

 Bwana Mstari aliinama akaandika, akaipima karatasi kwa rula, akaandika tena. Dakika nne na sekunde arobaini. Sikuona furaha usoni mwake, wala hofu. Alinyoosha kidole akanizuia nisimsogelee, kwa sababu sakafu ingetikisika.

Daktari Viatu akafika na msimamizi. Walisukuma mlango, nikawapisha, sikuwa na haja ya mlango tena. Nikamwonyesha karatasi. Akaitazama mara moja, akasema ni kitanda, mtu amegusa kitanda. Akasema ubongo wa dawa hauruki hivyo, huruka kila baada ya sekunde chache au hauruki kabisa, hakuna kitu cha dakika nne, hakijaandikwa popote. Akamwambia msimamizi, unaona, hawa ndio wanaotufundisha kazi.

Bwana Mstari akasimama. Hakuinua sauti. Alishika ile karatasi akasoma pembeni, kama anayesoma orodha ya vifaa.

"Saa nne na dakika tisa, sekunde arobaini. Sista yuko dirishani, mikono nyuma. Shemeji yuko mlangoni, mikono kifuani. Mimi nimekaa. Feni imezimwa. Hakuna aliyesogea." Akageuza ukurasa. "Saa nne na dakika kumi na mbili. Viatu."

Sista akaziba mdomo kwa kiganja. Na kweli, hapo kwenye "Viatu" kalamu zilikuwa zimetetemeka, vitetemo vidogo vya kijinga, tofauti kabisa na ule mruko. Hata mimi nisiyejua kuisoma karatasi ile niliona kwamba kimoja ni ubongo na kingine ni soli.

Daktari akafungua mdomo. Shemeji akamtangulia, na hilo nalo lilikuwa la kwanza maishani mwake.

"Daktari, naomba uvue viatu. Tunangoja wa pili."

Akavua. Sijui ni nini kilichomvulisha, labda ni msimamizi aliyekuwa amevua vyake tayari, mtu mzima na tumbo lake, anasimama kwa soksi kama aliyeingia msikitini. Tukangoja, watu watano, hakuna anayepumua kwa nguvu. Soksi ya kulia ya daktari ilikuwa imetoboka kidole gumba, na kidole kile nilikitazama muda wote. Kalamu zikaruka. Dakika nne na sekunde thelathini na tatu. Tukangoja tena. Zikaruka. Mwisho wa mzigo wa karatasi ulikuwa umekaribia, lakini hakuna aliyehitaji wa nne.

Saa nane mchana haikuzimwa mashine yoyote. Mama yake niliingia naye mimi, nikamwambia binti hajafa, amelewa dawa tu, na wewe acha kung'ang'ania hicho kitana, utakivunja. Dawa ile huingia mwilini kama mafuta ya taa kwenye kitambaa: unakamua, unaanika, na bado kinanuka. Siku tisa za kuingia hazitoki kwa siku tano. Ijumaa iliyofuata kimya kilikuwa cha dakika mbili na kitu. Jumapili sekunde hamsini. Jumanne kalamu zilikuwa zinaruka kila mara, Alhamisi zikaanza mawimbi madogomadogo ya haraka, na siku ya tisa tangu siku ya soksi, fundi cherehani alifungua macho akanikuta namkuna gundi nyuma ya sikio. Alinitazama kama mwizi. Ndiyo shukrani niliyopata.

Alirudi kwenye cherehani yake baada ya miezi, mkono wa kulia una uzito kidogo. Alinishonea gauni. Mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Nalivaa nikiwa nyumbani peke yangu.

Daktari Viatu yeye alipanda ndege. Alienda kwenye mkutano wa madaktari kusoma habari za "mchoro usio wa kawaida kwa mgonjwa aliyelazwa kwa barbiturati", na picha ya karatasi yetu aliikuza ikajaa ukuta. "Tuligundua," aliandika. Sisi akina nani? Nililetewa maandishi hayo na sista, nikayasoma neno kwa neno kwa siku mbili. Shemeji hayumo. Sista hayumo. Ukingo wa karatasi, ule wenye penseli, ulikuwa umekatwa kwenye picha. Soksi pia haikutajwa.

Tangazo la zamani likatoweka ukutani bila mtu kusema nani kaling'oa. Likaja jipya: nusu saa kwa kila mgonjwa, na mgonjwa wa dawa ile asiamuliwe lolote mpaka majibu ya damu yarudi. Bwana Mstari akawa analifuta vumbi jipya kama alivyokuwa akilifuta la kwanza, kwa kitambaa kilekile.

Barua ya onyo ilikuja mwezi uliofuata. Ilikuja kwangu. Kuzuia kazi, kutumia mali ya faili, na kumlazimisha mtumishi mwenzangu. Ushahidi ulikuwa wa maandishi, wenye saa na dakika, kwa mwandiko wa shemeji. Nilimfuata na barua mkononi nikamwuliza kama ana haya.

"Uliniambia niandike," akajibu.

Nilikaa miaka miwili bila kumsemesha, na sidhani kama aliona tofauti. Akastaafu. Watoto wake wakaenda zao mbali, nyumba ikawa kubwa kwake, nikamchukua akae chumba cha uani. Msiseme ni wema. Mdogo wangu asingeniacha nipumue huko aliko. Nilipokuwa namfungia vyombo, ndani ya sanduku lake la vifaa vya saa nikakuta vitu viwili vimekunjwa pamoja. Kimoja ni ukingo wa karatasi ya fundi cherehani, wenye penseli. Aliuomba wakati wa kupiga picha, kumbe. Cha pili ni ukurasa wa kalenda ya mwaka ule mbaya. "Saa tisa na dakika nane. Kimya," niliusoma mstari huo kwa hasira ileile. Lakini chini yake kulikuwa na mingine ambayo siku ile sikuisubiri niione. Saa tisa na dakika kumi, bado kimya. Saa tisa na robo, bado. Saa tisa na nusu, bado. Ilishuka hivyo mpaka mwisho wa ukurasa, mpaka saa kumi na mbili jioni, wakati sisi wengine tulikwisha kutoka nje kupokea watu. Yeye alikuwa amekaa mle ndani, saa mkononi, anangoja.

Yaani kwa mke wake alijua kungoja saa tatu nzima, na kwa binti wa watu akahesabu dakika mbili kwa sababu ya tangazo. Ndiyo akili yake. Niliurudisha ukurasa ulipokuwa na sijamwambia kwamba niliuona, wala sitamwambia.

Hayo ndiyo maisha ya Bwana Mstari. Binti, kama mnataka kumweka ukutani, mwekeni mbali na picha ya yule mwenye soksi, na ule ukingo wenye penseli, ambao umeuazima kwa siku mbili na leo ni ya kumi na tisa, urudi kabla sijakufuata kazini kwako.

Na wewe mwingine unayesoma, usifunge ukasema bibi ana maneno. Chukua saa. Iweke mbele yako, kunja mikono kifuani, kaa dakika nne na sekunde arobaini. Usikohoe, usiguse simu, usiangalie mlango. Mkono ukianza kutafuta kitu, urudishe. Ukimaliza, njoo mpaka uani umwambie ulianza saa ngapi na ulimaliza saa ngapi. Penseli anayo.